Picha Ukutani, Udongo Kisandukuni

Imekuwa ni kawaida yetu, sisi wanafunzi wa fasihi, kudhani kuwa uhakiki unaishia pale ukurasa wa kitabu unapoishia. Picha tunawaachia wenzetu wanaosomea uchoraji. Vyungu tunawaachia mama zetu na bibi zetu. Nami ningeendelea na usingizi huo kama si rafiki yangu mmoja kunivuta Jumamosi moja twende tukatazame maonyesho katika ukumbi fulani hapa Dar es Salaam. Jina la ukumbi silitaji, maana kosa ninalotaka kulizungumzia nimelikuta mahali pengi, na si haki kumbebesha mmoja mzigo wa wengi.

Maonyesho yenyewe yalikuwa hivi. Ukutani, picha kubwa za rangi, kazi za wachoraji vijana, nyingine ndefu kuliko mimi. Katikati ya chumba, juu ya visanduku vya mbao vilivyopakwa rangi nyeupe, sanamu ndogo za udongo uliochomwa: watu waliokaa, ndege, kichwa cha mtoto, na kitu kilichokuwa kama mtungi na papo hapo kama tumbo la mama mjamzito. Iliyokuwa kubwa kuliko zote haikuzidi urefu wa chupa ya soda. Mlangoni tulipewa kipeperushi kilichotueleza kwamba picha na sanamu hizo "zinazungumza".

Basi nikasimama nisikilize. Nilianza na picha ya wanawake watatu sokoni. Ukiwa karibu nayo huoni wanawake, unaona mabaka ya rangi tu, jekundu hapa, la udhurungi pale. Nikarudi nyuma hatua moja, picha ikaanza kukaa sawa. Nikarudi ya pili. Ya tatu nikasikia sauti ya mlinzi: "Dada, nyuma yako!" Kisigino kilikuwa kimeshagonga kisanduku, na yule ndege wa udongo alikuwa anayumba. Namshukuru Mungu hakuanguka. Rafiki yangu alicheka mpaka machozi yakamtoka, ila mimi nilibaki nimeduwaa, kwa sababu niliona kwamba kisigino changu kimeelewa jambo ambalo kipeperushi hakikulisema.

Jambo lenyewe ni umbali. Picha kubwa inakufukuza. Inakwambia: rudi, rudi tena, nione nikiwa mzima. Sanamu ndogo inakuita. Inakutaka uiname, uizunguke, uone kidole cha mfinyanzi kilipobonyea, na ikiwezekana uishike mkononi (jambo ambalo mlinzi hataliruhusu hata kwa dawa). Sasa mwili wa mtazamaji ni mmoja, na hauwezi kutii amri mbili kwa wakati mmoja. Ni sawa na kumpandisha jukwaani mghani wa utenzi mwenye sauti ya kufika msikiti wa pili, ukamweka pamoja na bibi anayemnong'oneza mjukuu kitendawili, halafu ukawatangazia watu kuwa hao wawili wanashirikiana. Hawashirikiani. Mmoja anaimba na mwingine hasikiki.

Na asiyesikika tunamjua ni nani. Chini ya kila picha palikuwa na kibandiko chenye jina la kazi, mwaka, aina ya rangi na bei. Chini ya sanamu paliandikwa "Udongo". Basi. Hakuna mwaka wala jina la kazi. Mtu mmoja aliyekuja na familia yake aliegemeza mkoba wake kwenye kisanduku cha yule mtoto wa udongo huku akipiga picha ukutani, wala hakuna aliyeshangaa. Sanamu zilikuwa zimefanywa maua ya mezani. Mtayarishaji alihitaji kitu cha kujaza katikati ya chumba ili sakafu isionekane tupu, akakipata.

Nisionekane mchokozi. Palikuwepo na mahali pamoja ambapo mambo yalikwenda vizuri, na ninashuku kuwa yalikwenda vizuri kwa bahati. Kwenye ujia mwembamba wa kuelekea msalani walikuwa wametundika picha ndogo ya mwanamke anayesuka nywele usiku, picha ya giza-giza, na mbele yake, juu ya rafu iliyo sawa na macho, wameweka sanamu ya mwanamke aliyekaa akiwa ameinamisha kichwa. Ujia ni mwembamba, huwezi kurudi nyuma. Kwa hiyo vyote viwili unavitazama kwa umbali mmoja, kama unavyomtazama mtu mnayeongea naye. Nikaona kwamba yule wa udongo anainamisha kichwa kwa sababu anasukwa. Mfinyanzi hakuniambia hivyo. Picha ndiyo iliyoniambia. Na kiza cha picha, ambacho mwanzoni nilikichukulia kama udhaifu wa rangi, nilianza kukiona kama kiza cha ndani ya nyumba ya udongo. Kila kimoja kilikuwa kimekisahihisha chenzake. Hapo ndipo nilipokubali kuwa kuoanisha kazi mbili ni kitendo cha uhakiki kama kilivyo kitendo chetu cha kulinganisha riwaya mbili, na kwamba kinaweza kufanywa kwa akili au kwa uvivu.

Waliokifanya kwa akili wapo. Mwaka 1999 ungetaja jina la Magdalene Odundo katika semina zetu pengine wangekutazama tu. Leo angalau wengine wanamjua. Huyu ni mfinyanzi aliyezaliwa Nairobi mwaka 1950, akaenda Uingereza mwaka 1971, na baadaye akajifunza kufinyanga bila gurudumu huko Abuja, Nigeria, kwenye kituo alikokuwako mfinyanzi maarufu Ladi Kwali. Mwaka 2019, katika jumba la The Hepworth Wakefield, Uingereza, vyungu vyake zaidi ya 50 viliwekwa pamoja na vitu vingi alivyovichagua mwenyewe, vya kale na vya leo, vya Afrika na vya kwingineko, zikiwemo sanamu za Wazungu wenye majina makubwa. Mimi nimeyaona maonyesho hayo kwa picha tu, kwa hiyo sitajidai. Ila jambo linaloonekana hata kwenye picha ni kwamba mwenye udongo ndiye aliyeshika usukani. Chungu hakikuitwa kije kupamba kazi ya mtu. Chungu ndicho kilichoita wengine, nao wakaja, na ilibidi wao ndio wajieleze.

Sasa nije nyumbani, maana ndiko makala haya yalikotaka kwenda tangu mwanzo.

Katika maktaba ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, sehemu ya East Africana, zimehifadhiwa karatasi za Hans Cory. Wanaosoma historia wanamjua zaidi kuliko sisi. Alizaliwa Vienna, akaishi Tanganyika miaka mingi, akawa mtaalamu wa mila na jamii aliyeajiriwa na serikali ya kikoloni, akafariki mwaka 1962. Ameandika juu ya sheria za Wahaya na za Wasukuma, na si siri kwamba serikali ilizitaka sheria hizo ili itawale kwa urahisi. Lakini mtu huyu alikuwa na jicho jingine pia. Mwaka 1953 alitoa London kitabu juu ya picha ambazo waganga wa nyoka wa Usukuma, Wabayeye, walizichora ukutani ndani ya nyumba zao. Mwaka 1956, kwa mchapishaji yule yule, akatoa kitabu kingine juu ya vinyago vya udongo vilivyotumika jandoni na unyagoni, hasa upande wa kaskazini mashariki mwa nchi, kwa Wazigua, Wasambaa na jirani zao.

Hebu lifikirie hilo, ndugu msomaji. Mtu mmoja, nchi moja, miaka mitatu kati ya kitabu na kitabu: kimoja cha picha za ukutani, kingine cha sanamu ndogo za udongo. Na vyote viwili vinahusu kitu kile kile, yaani elimu inayotolewa ndani ya chumba kilichofungwa, kwa watu walioandaliwa, na kwa maneno ambayo aliye nje hayaelewi. Jozi ya picha na udongo tulikuwa nayo kabla ya kumbi za kisasa na vipeperushi vyao. Ila haikuwa ya kutazamwa. Ilikuwa ya kufundishia.

Vinyago vyenyewe, kama unavyoviona katika kitabu, ni vidogo, vingi vinatosha kiganjani. Kuna watu, kuna wanyama, kuna vyombo vya nyumbani. Vingine vimetiwa madoa ya rangi nyeupe, nyeusi na nyekundu. Ukivitazama kwa jicho la yule aliyezoea Wamakonde na ufundi wao wa mpingo, unaweza kusema hivi vimefanywa haraka, havina umaliziaji. Ni kweli vimefanywa haraka. Vilifanywa kwa ajili ya siku ile. Na jambo ambalo linanifanya niseme kwamba somo hili ni letu sisi watu wa fasihi ni kwamba kinyago hakikutoka peke yake. Kila kimoja kilikuwa na wimbo wake, na wimbo ulikuwa na maelezo yake, na maelezo hayo kungwi ndiye aliyekuwa nayo. Kinyago bila wimbo ni donge la udongo. Wimbo bila kinyago ni fumbo tupu. Hata maneno ya wimbo ukiyasikia hayakupi maana mpaka kungwi akufungulie. Maana yenyewe ikishafunguliwa inakuwa ni jambo la maisha ya kila siku: jinsi ya kukaa na mume au mke, heshima kwa wakwe, usafi, uvivu, uchoyo.

Mulokozi katika makala yake ya 1989 juu ya tanzu za fasihi simulizi alitufundisha kwamba huwezi kuigawa wala kuielewa fasihi simulizi bila kuangalia muktadha wake: fanani, hadhira, tukio. Sote tumelikariri hilo kwa ajili ya mtihani. Na Penina Mlama, ambaye tunamsoma zaidi kwa tamthilia zake alizozitoa kwa jina la Penina Muhando, aliandika tasnifu yake ya 1983 hapa hapa Dar es Salaam juu ya maonyesho ya jadi ya Wakaguru kama chombo cha elimu. Kwa hiyo zana tunazo. Tatizo ni kwamba tunapoingia makumbusho tunaziacha mlangoni pamoja na mikoba. Tunakiona kinyago kabatini tunasema "sanaa ya jadi", tunapita. Hatuulizi fanani wake yuko wapi. Hatuulizi kama sisi ni hadhira yake au ni watu tunaochungulia dirishani.

Vinyago vya Cory viko Makumbusho ya Taifa, Mtaa wa Shaaban Robert. Jengo la kwanza la makumbusho hiyo lilifunguliwa mwaka 1940 likiwa na jina la Mfalme George wa Tano. Nakiri kwamba jina la mtaa lilinichekesha kidogo: gwiji wetu wa maandishi analinda mlango, na ndani kuna fasihi ambayo haikutaka kuandikwa.

Likizo iliyopita nilikwenda Handeni kwa bibi yangu mzaa mama. Mimi sikuchezwa unyago. Wakati wenzangu wa rika langu wanaingizwa ndani nilikuwa shule ya bweni, na baba alisema masomo kwanza. Nilikuwa na nakala ya kurasa chache za kitabu cha Cory ndani ya daftari. Jioni moja tukiwa tunachambua mchele nikajikaza.

"Bibi, vile vya udongo mlivyokuwa mnaoneshwa wali…"

Akaacha ungo. "Nani kakwambia?"

"Nimesoma kitabuni."

"Ahaa. Kama kimo kitabuni, mie unaniulizia nini, mke mwenzangu?"

Akacheka, akaendelea na mchele wake. Nikamwonyesha picha moja. Aliitazama kwa muda mrefu kidogo kuliko nilivyotarajia, akaigeuza, akanirudishia. Akasema tu kwamba aliyekipiga picha kile alikipiga kikiwa kimelala, na hakikutakiwa kulala. Zaidi ya hapo sikupata neno. Mama mdogo aliyekuwa jikoni alianza kuimba kitu kwa sauti ya chini na bibi akamkatiza kwa kukohoa.

Wenzangu wa semina nilipowasimulia wakagawanyika. Kaka mmoja wa mwaka wa tatu, mtu wa nadharia hasa, alisema bibi anaficha maarifa, na kwamba mila ya siri ni silaha ya wazee dhidi ya vijana, hivyo Cory, pamoja na ukoloni wake, alitufanyia hisani. Dada mmoja akamjibu kuwa hisani hiyo haikuombwa na wenye mali. Mimi naona wote wana ukweli. Cory nampa haki yake: wakusanyaji wengi walichukua kitu wakaacha neno, yeye aliandika na nyimbo na maelezo. Bila yeye nisingekuwa na cha kumwonyesha bibi. Lakini aliyaandika kwa Kiingereza, akayachapa London, akayaweka katika meza ya wasomaji ambao hawakuwa na mwali wa kumfunda. Fanani akawa mtoa habari. Hadhira ikabadilishwa bila kuulizwa. Ndiyo maana kinyago kikapigwa picha kikiwa kimelala.

Hapa ndipo ninapomleta mchoraji wangu, na ndipo penye pendekezo langu.

Everlyn Nicodemus alizaliwa Marangu, Kilimanjaro, mwaka 1954. Alihamia Sweden mwaka 1973, akasomea anthropolojia ya jamii katika Chuo Kikuu cha Stockholm, yaani taaluma ile ile ya akina Cory, na alipoona jinsi taaluma hiyo inavyowatazama watu wake, ikamshinda. Akaingia katika kuchora na kuandika mashairi. Maonyesho yake ya kwanza ya peke yake yalifanyika mwaka 1980, na yalifanyika wapi? Makumbusho ya Taifa, Dar es Salaam. Nyumba ile ile ya vinyago.

Kati ya 1984 na 1986 alifanya kazi aliyoiita, kwa tafsiri yangu, Mwanamke Duniani. Alikutana na vikundi vya wanawake katika nchi tatu: katika mji wa Skive huko Denmark, katika Kilimanjaro alikozaliwa, na katika Calcutta, India. Alikaa nao, wakazungumza faraghani juu ya maisha yao kama wanawake, kisha yeye akachora na kuandika mashairi, na kazi hizo zikaonyeshwa. Alichokisikia ndani hakukitoa kama ripoti. Hakuna jedwali, hakuna fulani wa kijiji fulani amesema hivi. Kilichotoka ni mwili wa mwanamke katika rangi, na shairi. Siri imebaki kwa wenyewe, na bado mtazamaji anajua kwamba kuna jambo limesemwa.

Wengi wetu hatumjui. Mwaka 2022 picha aliyojichora mwenyewe mwaka 1982 ilinunuliwa na National Portrait Gallery ya London, na ikaandikwa kwamba ndiyo picha ya kwanza ya rangi ambayo mwanamke Mweusi amejichora mwenyewe kuingia katika mkusanyo wa jumba hilo. Humo nyuso zimeingiliana, moja ndani ya nyingine, kama mtu aliyekataa kuchagua ni yupi kati ya nafsi zake aende kupigwa picha. Kuanzia Oktoba 2024 hadi Mei 2025 jumba la taifa la sanaa huko Edinburgh lilionyesha kazi zake za zaidi ya miaka 40. Sisi tuliokuwa wenyeji wake wa kwanza tulisoma habari hizo kwa simu.

Pendekezo langu basi ni hili: picha za Mwanamke Duniani na vinyago vya unyago viwekwe chumba kimoja, na chumba hicho kiwe Mtaa wa Shaaban Robert. Sijawahi kuviona pamoja. Ninavyoviwaza, naona kuwa kila upande utaukosoa mwingine kama zile kazi mbili za kwenye ujia wa msalani.

Vinyago vitaiuliza picha swali gumu. Picha ya Nicodemus, kwa ujasiri wake wote, imetundikwa ili aje yeyote: mwanamume, mtoto, mtalii, mimi. Ni ya sokoni kwa maana ya wazi. Kinyago kina hadhira yake, na hadhira hiyo inaingia kwa kuandaliwa. Je, faragha aliyopewa mchoraji na wale wanawake wa Kilimanjaro inaweza kudumu ukutani mbele ya kila mtu? Au inageuka kuwa mapambo ya wenye pesa? Wapo wahakiki watakaosema kuwa sanaa ya kisasa imetuvua vifungo vya siri, tushukuru. Mimi ninasitasita. Kuna mambo ambayo ukiyasema kwa kila mtu huwa hujamwambia yeyote.

Na picha itaviuliza vinyago swali gumu vile vile. Unyago unamfunda mwali akae vizuri katika nyumba ya mtu. Mengi ya mafunzo hayo ni ya hekima, lakini mengine yanamtaka anyamaze. Wanawake wa Skive, wa Calcutta na wa Kilimanjaro walikutana kusema yale ambayo mafunzo ya aina hiyo, ya kwetu na ya kwao, yaliwafundisha kuyameza. Ukimweka yule wa udongo, mdogo, wa kiganjani, mbele ya mwanamke wa rangi anayejaza ukuta, unapata mabishano ya kweli kati ya kungwi na mwali aliyekua. Hayo ndiyo mazungumzo ninayoyataka mimi, siyo yale ya kipeperushi.

Kuhusu fani ya chumba chenyewe, nina machache. Vinyago visiwekwe katikati ya sakafu kama vizuizi vya visigino. Viwe kwenye rafu, sawa na macho, mkono mmoja kutoka kwa mtazamaji, na picha zitundikwe upande wa pili, mbali, ili mtu ageuke mwili mzima anapotoka kwa mmoja kwenda kwa mwingine. Kugeuka ni kazi, acha aifanye. Vibandiko vilingane: kama picha ina jina la aliyeifanya, basi kinyago kiwe na jina la mahali kilipotoka na maneno "jina la mfinyanzi halikuandikwa", ili tuone nani alisahauliwa na kwa mkono wa nani. Na kila kinyago kisimame, kama bibi alivyosema.

Linabaki suala la nyimbo, na hapo ndipo pendekezo langu linapochechemea. Zipo katika kitabu. Unaweza kuzibandika ukutani, unaweza kuziweka kwenye spika ziimbwe kutwa nzima kama redio ya duka. Vyote viwili naviona ni kuvua nguo hadharani. Ukiziacha nje, umerudia kosa la kabati: donge la udongo na taa juu yake. Kaka yule wa mwaka wa tatu anasema niweke wimbo mmoja tu kama mfano. Lakini nani atachagua ni upi, na kwa idhini ya nani? Mimi sikuchezwa. Yeye ndio kabisa. Pengine ingefaa kuwa na siku maalumu, mlango ufungwe, waingie wanawake peke yao na makungwi wa kweli walioalikwa kutoka Handeni na Lushoto, wafanye wanavyojua; na siku nyingine zote chumba kiwe kimya na kila mtu ajue kwamba kuna siku hakikuwa kimya. Najua wenye makumbusho wataniambia habari za bajeti na za usawa wa kijinsia. Waniambie, ila kwanza wajibu hoja.

Kuna na jambo la uhai wa vitu hivyo. Udongo ambao haukuchomwa vizuri haukutengenezwa ili uishi miaka 70 kabatini. Baada ya kazi yake ungeweza kurudi ardhini na mvua ikaumalizia, na msimu mwingine kungwi akafinyanga upya, labda vizuri zaidi, labda vibaya. Sisi tumeusimamisha. Tunasema tumeuhifadhi, na kwa maana moja ni kweli, kwani huenda katika vijiji vingine hakuna tena anayefinyanga. Mchoraji wa kisasa anataka picha yake idumu. Ndiyo maana anachagua rangi nzuri. Ukiwaweka wawili hawa pamoja unakuwa umemweka anayetaka kubaki na aliyetaka kuondoka, na yule wa pili umemkatalia ruhusa.

Nilimpigia bibi simu wiki iliyopita nikamweleza wazo lote, kuanzia yule mama wa Marangu hadi rafu zenyewe. Alinisikiliza bila kunikatiza, kitu ambacho si kawaida yake. Halafu akauliza, "Na hao wa udongo, siku ya kufungua, atawaimbia nani?" Nikamwambia hilo ndilo sijalipanga. Akanyamaza kidogo, akasema nimpelekee kwanza hizo picha za ukutani azione kwa macho yake, maana huyo mchoraji anaonekana ni mtu aliyekaa na watu, na kwamba habari za nauli ya kuja Dar es Salaam nisizitaje mbele ya mjomba mpaka korosho ziuzwe.